Mchanga wa Shimo la Saba

Shemeji yangu Okito ni mtu mpole, na upole wake umenitesa kuliko ukali wa watu wote niliokutana nao. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kuandika sifa. Mimi naitwa Soudi, ndugu yake Nuru, aliyekuwa mke wa Okito. Zamani nilichimba mawe ya madini Kampene, siku hizi nashona viatu karibu na stesheni ya treni hapa Kindu.

Okito alizaliwa mwaka 1958. Alikuwa na miaka kumi na mitatu alipoanza kubeba mifuko ya fimbo za gofu kwa wakubwa waliokuwa na klabu yao kule juu kilimani. Gofu, kwa asiyeijua, ni kazi ya kupiga yai gumu kwa fimbo, kulifuata, kulipiga tena mpaka liingie shimoni, halafu mtu mzima anashangilia. Nilimcheka sana shemeji yangu kwa hilo. Lakini kiwanja kilikuwa kizuri, sikatai. Kilikuwa na mashimo tisa, na ukisimama kwenye la tatu unaiona Lualaba yote, mitumbwi inayovuka kwenda Alunguli na moshi wa wachoma samaki ng'ambo. Kilikuwa kigumu pia. Korongo lilikikata katikati, na mpira ulioanguka humo, mwenyewe aliusahau.

Nyasi laini za Ulaya zilikataa kuota hapa. Kwa hiyo kuzunguka kila shimo waliweka duara la mchanga uliochanganywa na mafuta machafu kutoka karakana ya treni. Mafuta yaliufanya mchanga uwe mzito. Mvua haikuuchukua, mchwa hawakujenga humo, mbwa hawakuufukua. Kila mchezaji alipomaliza, mtu alivuta ubao juu yake kuondoa alama za miguu. Mtu huyo alikuwa Okito. Jioni, wakubwa wakishaondoka, alicheza na fimbo walizozitupa, na waliomwona wanasema hakuna aliyempita. Alinyoosha mkono kidogo tu, na mpira ulikwenda alikoutuma.

Wakubwa waliondoka, wengine wakaja, nao wakaondoka. Paa la klabu liliibwa bati moja moja. Okito alibaki na fimbo tatu, ubao wake, na mke.

Mwaka 2002 mji wetu ulizingirwa. Wapiganaji wa Mai-Mai walikuwa msituni pande zote, wanajeshi walioushika mji walikuwa ndani, na sisi raia tulikuwa nyama katikati. Nasema sisi, ila mimi nilikuwa Kampene, njia imefungwa, sikuweza kurudi. Treni haikuja. Mwanamke aliyetoka kwenda shambani alirudi amebakwa au hakurudi. Makaburi yenyewe yalikuwa nje ya mstari wa wanajeshi, kwa hiyo watu walizikana nyuma ya nyumba. Okito alipanda mihogo katikati ya mashimo ya gofu, na Nuru alikwenda asubuhi kuchuma sombe, majani yake ya mboga.

Wanajeshi walikuwa wameweka kituo kwenye magofu ya klabu. Asubuhi moja waliona mtu ameinama kwenye majani marefu, wakapiga risasi. Okito alimkuta mke wake amekufa karibu na shimo la saba, kikapu kimejaa, na mwanajeshi mmoja amesimama pembeni, anamuuliza kama huyu mwanamke wa Mai-Mai anamjua. Okito alisema hamjui. Ndiyo maana yuko hai. Mwanajeshi akamwamuru amfukie haraka kabla harufu haijaanza. Udongo wa mihogo ulikuwa ukifukuliwa kila siku na watu wenye njaa na mbwa wenye njaa zaidi. Akamzika ndani ya mchanga wa mafuta, bila maji, bila sanda, na kitenge chake mwilini. Halafu akavuta ubao.

Nyumbani kulikuwa na mtoto, Malaika, miaka sita. Mtoto wa umri huo akijua mama yake ameuawa, mtaa mzima utajua, na mume wa mwanamke wa Mai-Mai hangelala nyumbani kwake siku mbili. Okito akamwambia mama amevuka kwenda Alunguli kutafuta chakula, atarudi. Kwa mwaka ule, uongo huo uliwaokoa. Sina ubishi na mwaka ule.

Ubishi wangu ni wa miaka mingine yote. Haya ninayoeleza sikuyajua nilipofika Kindu mwaka 2004, vita vimepoa. Nilimuuliza dada yangu yuko wapi. Okito akanijibu yaleyale, alivuka, akaangalia chini. Basi watu wakajaza wenyewe. Mmoja aliyetoka Kisangani alisema amemwona na mfanyabiashara wa almasi, amenenepa. Mwingine aliapa kamwona Lubutu anauza samaki, ana mtoto mwingine mgongoni. Kindu hatuhitaji redio. Okito alisikia yote, hakusema ndiyo wala hapana.

Na mimi? Mimi nilikuwa wa kwanza kumwita dada yangu malaya, tena sokoni, mbele ya watu, maana nilidhani ndiyo njia ya kuokoa heshima ya nyumba yetu. Mama yetu alikataza jina la Nuru lisitajwe, akafa mwaka 2011 akiwa na hasira na mtu aliyekuwa chini ya mchanga. Malaika alikua akiitwa mtoto wa mtoro. Mwaka 2018 alipata mchumba, fundi umeme, kijana wa maana. Wazazi wa kijana wakauliza habari za mama, na barua ya posa haikuja. Usiku ule binti alilia, Okito akamchemshia chai. Chai!

Kila Ijumaa, baada ya sala, alipanda kilimani na mkebe wa mafuta machafu aliyoomba kwa mafundi wa pikipiki, akausawazisha mchanga wa shimo la saba. Tulisema vita vimemwachia wazimu kidogo, nani hakuachiwa.

Mwaka huu akaja Rémy. Ni injinia, mtu wa Kinshasa, mchangamfu, amepewa kilima kwa karatasi halali ili ajenge hoteli na kufufua gofu kwa ajili ya watu wa madini. Aliajiri vijana kufyeka majani. Alimwajiri Malaika kuandika hesabu na barua, na mimi kushona mifuko ya fimbo. Okito alitafutwa na Rémy mwenyewe, aliyeambiwa kwamba mzee ndiye peke yake aliyebaki anayejua kila shimo lichezwe vipi.

"Papa Okito," alimwambia, "Jumamosi tucheze tisa zote. Unioneshe kila moja. Jumanne machine inafika, tunatoa hii mchanga ya mafuta yote, tunachimba metre moja, tunatia udongo ya muzuri, tunapanda nyasi."

Okito aliitikia kwa kichwa. Aliuliza mara mbili ni Jumanne ipi, nikadhani ni uzee.

Jumamosi tulikwenda wanne. Rémy na fimbo zinazong'aa, Okito na fimbo yake ya zamani ya chuma yenye mpini niliouzungushia ngozi mwenyewe, mimi na mfuko begani, Malaika na daftari la kuandika hali ya kila shimo. Ilikuwa asubuhi safi, mto umetulia. Kwenye la kwanza Rémy alipiga mbali sana, kulia sana. Okito akapiga karibu, katikati. Walipofika shimoni walikuwa sawa. Kwenye la tatu Rémy alisimama muda mrefu anaangalia Lualaba, akasema amecheza nchi nne na hajaona mahali kama hapa. Kwenye la tano alipoteza mipira mitatu korongoni, akacheka mwenyewe. Ningependa kumchukia lakini alikuwa mtu mzuri.

Kutoka la tano, Okito alianza kuongea. Mtu ambaye kwa siku hasemi maneno ishirini! Alisema kule kwenye la saba maji yanapita chini, nyasi zitaoza. Rémy akasema ataweka mabomba. Alisema kuna mwamba. Rémy akasema machine inavunja mwamba. Alisema wazee wa zamani waliupenda mchanga ule, uachwe uwe kumbukumbu. Rémy akamshika bega, akasema ataacha wa shimo la kwanza, karibu na mlango, wageni wauone. Malaika aliandika: la kwanza libaki.

La saba unapiga kutoka upande mmoja wa korongo kwenda upande wa pili, mita mia na arobaini, hakuna njia ya katikati. Ukikosa umekosa. Rémy alivuta pumzi, akapiga, na mpira ukatua juu ya mchanga mweusi, karibu kabisa na bendera ya shimo. Aliruka kwa furaha. Okito akapiga wake moja kwa moja korongoni. Nimemwona akicheza mara nyingi, na mkono ule haukosei hivyo. Alikosa makusudi, asiwe na sababu ya kukanyaga pale.

Tulizunguka korongo kwa daraja la miti. Malaika alifika mbele, akasimama juu ya mchanga, akashika bendera kama alivyofundishwa. Rémy akakaribia na fimbo yake fupi. Okito akapita mbele yake, akasimama, mikono imefunguka.

"Hapana kupita hapa, patron."

Rémy alicheka. "Papa, ni mupira moja tu."

"Nasema hapana."

"Baba," Malaika alisema kwa aibu, "muache patron acheze. Tutapoteza kazi."

Okito akamgeukia. Sikuwahi kuiona sura ile, na nisingependa kuiona tena.

"Malaika, toka pale unasimama. Mama yako iko hapo chini. Hakuvuka. Hakuendaka popote. Walimupiga risasi, mimi njo nilimuzika hapo."

Malaika aliangalia miguu yake. Aliiweka bendera chini polepole, akavua viatu, akatoka kwenye mchanga kwa vidole, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Alipofika kwenye majani akakaa.

Mimi nilimpiga Okito. Naandika bila kujisifu. Nilimshika shati mzee wa miaka sitini na saba nikamzaba makofi mawili, nikamuuliza kwa nini, kwa nini, wakubwa wa vita wameshaondoka miaka mingapi, kwa nini. Rémy ndiye aliyenivuta. Okito hakujikinga. Akaeleza yote niliyokwisha kuyaeleza, kikapu, mwanajeshi, ubao. Alipofika kwenye kwa nini, alisema hivi:

"Vita ilipoisha nilitaka kusema. Nikaona aibu juu ya ile mwaka ilipita. Mwaka ingine ikapita, aibu ikaongezeka. Kila mwaka nilikuwa naona aibu ya mwaka ya nyuma."

Nilitaka kumpiga tena, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Nilikuwa nafikiria mdomo wangu mwenyewe sokoni.

Rémy alivua kofia. Alimwambia Malaika kwamba machine haitagusa pale, atazungushia ukuta mdogo, ataweka maua, shimo la saba litahamishwa. Alisema kwa moyo. Malaika alifuta uso, akamjibu kwa heshima kwamba anashukuru, lakini mama yake halali tena kwenye kiwanja cha mchezo.

Jumatatu tulimtoa. Mafuta yalikuwa yamekihifadhi kitenge, maua yake yanaonekana. Sitasema zaidi. Tulikusanya kilichokuwepo, tukakiweka kwenye sanda, tukampeleka uani nyumbani kwa Okito. Mtaa wote ulikuja. Walikuja wa Kisangani na wa Lubutu, waliomwona amenenepa na waliomwona na mtoto mgongoni, wamevaa kanzu safi. Rémy alikaa nyuma, kwenye kiti cha plastiki. Wanawake walijaa barazani, Malaika katikati yao.

Baada ya sala, kabla ya kubeba jeneza, shehe aligeuka kuwauliza watu, kama inavyoulizwa kwa kila maiti wetu:

"Ndugu zangu, huyu Nuru munamushuhudia namna gani?"

Kwa kawaida swali hili halina uzito. Watu hujibu kwa pamoja, mtu mwema, mtu mwema, na safari inaendelea. Siku ile ua ulinyamaza. Niliona watu wazima wanaangalia mikeka. Jibu lilikuwa langu, mimi ndugu yake, nami nilikuwa nimeinamia mkeka kama wao.

Okito akasimama. Alikuwa analia bila kujificha.

"Mwanamuke mwema," alisema kwa sauti kubwa. "Hakukimbia. Hakuniacha. Alikwenda kutafutia mutoto wake sombe."

Kutoka barazani Malaika akajibu, na hakupandisha sauti.

"Miaka makumi mbili na tatu nilijibia jina yake peke yangu, Baba. Wewe ulikuwa hapo, unasikia."

Okito alikaa chini. Shehe akauliza tena, na mara hii nilijibu mimi.