Mama Sponji: Hapa Watoto Wanaruka Bure

Mvua inanyesha tangu alfajiri na haina dalili ya kukatika. Barazani, chini ya turubai linalovuja upande mmoja, mwanamke wa makamo amepiga goti mbele ya kochi lisilo na kitambaa. Misumari midogo ameibana midomoni. Anavuta kitambaa kwa mkono mmoja, anagonga kwa mwingine, anasogeza goti.

Nyuma yake, ndani ya karakana yenyewe, hakuna kazi inayofanyika. Kuna watoto kumi na mmoja wanaoruka. Wanapanda mlima wa sponji, wanateleza, wanaangukia rundo la vipande, wanacheka, wanarudi kupanga foleni. Wazazi wao wameketi sakafuni bila viatu, na baba mmoja amegeuzwa farasi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Fundi yuko nje kwenye manyunyu, watoto wa watu wako pakavu.

"Mimi nina koti," anasema baada ya kutema misumari kiganjani. "Wao wana nini?"

Mtaani wanamwita Mama Sponji, na ukimuulizia kwa jina lake halisi utazunguka mpaka uchoke. Ni fundi wa makochi kwa miaka zaidi ya ishirini. Kazi aliachiwa na marehemu mumewe, pamoja na nyundo, mkasi na wateja wawili, mmoja wao mkorofi.

Chumba hiki kilianza kwa hasira, na hasira yenyewe bado haijapoa. Miaka mitatu iliyopita alipata kazi nono: kushona matofali ya sponji, ngazi na mteremko wa jumba la michezo ya watoto lililokuwa likifunguliwa katikati ya mji. Alikata na kushona mwezi mzima. Siku ya ufunguzi akamvalisha mjukuu wake viatu vipya, akampeleka akaone kazi ya bibi yake.

Mlangoni wakaambiwa tiketi. Ya mtoto moja, ya mtu mzima moja. Akajieleza kwamba kila kilichomo ndani amekishona yeye. Kijana wa mlangoni akamjibu, kwa adabu kabisa, kwamba hilo halimo kwenye utaratibu. Tiketi mbili zilikuwa sawa na chakula cha nyumbani kwake cha siku tatu.

"Mjukuu wangu akabandika uso kwenye kioo," anasimulia. "Anaangalia wenzake wanaruka juu ya mshono wangu. Nikamwambia, twende zetu, mwanangu. Mwenye mkasi ni bibi yako."

Wiki hiyo hiyo akaacha kuuza mabaki ya sponji kwa washona mito. Akayavika vitambaa, yakawa ngazi, daraja na handaki la kupenya kwa tumbo. Akayapanga katika chumba cha nyuma cha karakana, na mvua ya kwanza ilipoanguka akamwita mjukuu na watoto wa jirani. Habari ya bure haihitaji tangazo. Kabla mvua haijakatika, chumba kilijaa.

Masharti yake ni kuvua viatu na mzazi kutoondoka. Anayetaka kumbwaga mtoto akimbilie sokoni anarudishwa mlangoni hadharani, na ulimi wa Mama Sponji hauna breki. "Hapa si pa kutupa watoto, ni pa kucheza nao," anasema. "Na simu ikae mfukoni."

Yule baba aliyegeuzwa farasi ni mlinzi wa usiku. Akirudi asubuhi mkewe anatoka kwenda kazini, naye anabaki na mapacha wa miaka mitatu katika chumba kimoja.

"Mvua ikinyesha, kule kwetu watoto wanaambiwa tulia tangu asubuhi mpaka jioni," anasema. "Jirani kalala, tulia. Jiko linawaka, tulia. Hapa hawajaambiwa hata mara moja."

Kizuri, lakini, hakikosi wa kukitamani. Mwaka huu mwenye nyumba aliona umati, akapiga hesabu. Akaja na wazo lake: mlangoni pawe na tiketi ndogo tu, wagawane. Mama Sponji akakataa. Mwenye nyumba akarudi mara ya pili na hoja kwamba watu hawathamini cha bure. Akakataliwa tena, safari hii kwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Ndipo akatoa notisi: chumba cha nyuma anakichukua, anakikodisha kiwe stoo.

Fundi seremala wa jirani, anayemtengenezea fremu, alidhani mambo yamekwisha. Alipokwenda kumpa pole alimkuta akiburura cherehani kuelekea nje.

"Nikajua huyu mama karukwa na akili," anasema akicheka. "Akaniambia, shika upande ule, acha maneno."

Notisi ilitaja chumba cha nyuma. Cha mbele hakikutajwa, na kodi yake ilikuwa imelipwa. Basi watoto wakahamia cha mbele, kikubwa zaidi na chenye dirisha, na fundi akahamia barazani.

Si kwamba haimgharimu. Zamani alimaliza seti mbili za makochi kwa wiki. Sasa, mvua ikishika, hata moja ni taabu, kwa kuwa kitambaa kikilowa hakivutiki vizuri. Mteja mmoja alichukua kochi lake likiwa nusu, akaondoka amenuna. Binti yake humwambia waziwazi kwamba ukaidi utamlaza njaa, naye hambishii.

"Inaniuma. Naipenda kazi yangu, napenda itoke safi," anasema. "Lakini yule mtoto kwenye kioo, siwezi kumwona mara ya pili."

Seremala ameahidi kumwezekea baraza. Mama Sponji mwenyewe ameshakata vitambaa vya kona mpya, ya watoto wasiojua kutembea bado.

Wiki iliyopita mwenye nyumba alipita tena. Alisimama na mwavuli wake, akaangalia cherehani iliyo nje na watoto walio ndani, akauliza kwa upole: na mkataba wa chumba hiki ukiisha mwisho wa mwaka, itakuwaje?

Jibu alilopewa ndilo Mama Sponji analolirudia leo, huku akipitisha kiganja juu ya mshono.

"Nyumbani nina chumba kimoja na kitanda. Kitanda kitatoka, watoto wataingia. Mimi nitalala chini. Sponji si ninalo?"