Majina Matatu ya Babu

Babu alipofariki, wajukuu wawili tuliozaliwa mwaka ule tulipewa majina yake, yote matatu, kwa mpangilio ule ule. Baba aliona ni haki yake kama mwana wa kwanza. Baba mdogo naye hakutaka kuonekana amemsahau mzee. Hakuna aliyekubali kupunguza hata jina moja. Kule nyumbani, magharibi, tulijulikana kwa majina ya mama zetu, na mambo yakaenda vizuri tu.

Nairobi haiulizi mama yako ni nani. Nilikuwa nimesambaza vyakula vya watu kwa pikipiki miaka mitatu, nikitokea Umoja, siku app ya kazi iliponifungia. Ujumbe ulisema uchunguzi wao umebaini kwamba niliwahi kufungwa kwa wizi wa mbuzi Kiamaiko. Mimi, ninayemkimbia hata jogoo. Chini yake walinishukuru kwa ushirikiano wangu.

Sikuhitaji mpelelezi. Aliyekaa ndani miezi minane kwa ajili ya mbuzi wale ni binamu yangu, na tangu atoke alikuwa amekataliwa na kila karakana ya Kariobangi. Akaomba kazi kwenye kampuni yetu bila kuniambia. Mashine ikasoma majina, ikampa yeye usafi wangu, na mimi ikanikabidhi mbuzi wake.

Nilipigia kampuni simu siku tisa mfululizo. Ya kumi, asubuhi, dada mmoja mpole akapokea. Binamu alikuwa sebuleni kwangu na koti jipya la kampuni, akinywa chai. Alikuwa amekuja kunipa pole.

"Hiyo ni kitu kidogo," dada akasema. "Nipe namba ya kitambulisho ya huyo mwingine, tukurudishe kazini leo leo."

Namba ile nilikuwa nayo kichwani. Nilikuwa nimemjazia fomu za kazi mara nyingi mno. Nikamtazama binamu. Alikuwa ameacha kunywa. Nilimwonea huruma, na nikamchukia kwa kunifanya nimwonee.

"Simjui," nikasema.

Nilipokata simu, binamu alikohoa kidogo.

"Nimeshukuru, bro. Sasa si uniachie hiyo nduthi yako hii wiki? Yangu injini imekufa, na yako naona imekaa tu hapo nje."

Nikainuka kumtafutia funguo.