Udongo Mwekundu wa Obiero

Pwaa! Kati ya sauti zote za masika ya 1988, Seline aliikumbuka hiyo: plasta ikidondoka sebuleni mchana, mvua ikinyesha. Alipolisogeza kabati, akaona ufa unaopitisha kidole.

Seline aliuza mchele soko la Ahero. Nyumba ilijengwa na mumewe, Obiero, ambaye sasa alilala mbele ya mlango, kama ilivyo desturi. Tangu mazishi, kila asubuhi Seline alifagia kuanzia ukutani, akilimbikiza udongo juu ya kaburi lisije likazama. Uwanja wake ulisifiwa.

"Kwa Seline hata wali ukimwagika, unaokota unakula," jirani zake walisema.

Nyumba ikianguka, angehamia kwa shemeji yake, Joram. Joram alikwisha kumwonyesha chumba, kile kinachopakana na banda la mbuzi.

Akamwita Masinde, fundi wa Kibukusu aliyefanya kazi Kisumu. Masinde hakuugusa ufa. Alimwaga ndoo ya maji chini ya ukuta, akayatazama. Maji yalituama papo hapo.

"Mama, nani amechimba huku msingini?"

"Achimbe nani, fundi? Hapa tunafagia tu."

"Basi ufagio wako una meno. Mzee aliweka udongo mwekundu kuzunguka nyumba, akaushindilia, maji yateremke nje. Sasa umebaki huu mweusi. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, ukuta nao unafuata. Nikiziba ufa leo, mwakani utaniita tena."

"Kwa hiyo niagize lori la udongo?"

"Lori la nini, Mama? Udongo wako si ule pale?"

Alielekeza mwiko kaburini. Lile tuta lilikuwa jekundu, refu kuliko makaburi yote ya boma lile.

Seline aliingia jikoni. Masinde akageuza ndoo, akaikalia.

"Mimi ni fundi wa kuta tu!" alipaza sauti. "Mambo ya marehemu siyawezi. Mpaka uanze wewe, mimi nimekaa."

Muda ukapita. Wingu likaanza kujikusanya upande wa Nyakach. Hatimaye Seline akatoka na jembe na karai, akapita mbele ya fundi, akapiga magoti. Aliweka kiganja juu ya tuta, akamwambia mumewe kwa sauti ndogo sana:

"Baba Anyango, nachukua wa ukutani tu. Wako nakuachia."