Besi Isiyo na Shingo

Jikoni kwa Octavian kulikuwa na sufuria moja isiyopikiwa chakula. Ilikuwa ya nyuzi. Kila nyuzi za gitaa lake la besi zilipochoka na kuanza kulia kama kamba ya kuanikia nguo, alizifungua zote nne, akazikunja, akazichemsha na kipande cha sabuni ya mche mpaka uchafu wa vidole ukaelea juu. Akishazikausha na kuzifunga tena, zilikuwa zinalia kama mpya kwa majuma mawili hivi. Nyuzi za dukani Dodoma hakuna, na za Dar es Salaam zilikuwa za wenye bendi zao.

"Baba Sara, leo unapika nini?" mkewe Paskazia alikuwa akimuuliza.

"Makongoro."

"Yakiiva niite."

Hayo yalikuwa mazungumzo yao ya miaka mingi, na wote wawili walikuwa wanacheka.

Octavian alikuwa fundi matairi kwenye yadi ya shirika moja la umma la kusafirisha mazao, pale Kizota. Siku hizo shirika likiwa halina bendi lilijiona kama halijavaa viatu, kwa hiyo na lao lilinunua vyombo, wakaambiwa wafanyakazi wanaojua kupiga wajitokeze. Akajitokeza Anthony, dereva wa lori, akashika solo. Akajitokeza karani mmoja, mlinzi mmoja, na huyu fundi matairi mwenye vidole vinene, akapewa besi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Hakuna aliyelipwa kwa muziki. Walikuwa wanatoka kazini wananuka grisi, wanaoga, Jumamosi wanapiga ukumbini, watu wanacheza mpaka vumbi linapanda darini.

Sasa, kitu kimoja lazima kieleweke. Mpiga besi wa namna ya Octavian hana besi. Besi ni ya mwajiri. Alilishika gitaa lile tangu Sara hajazaliwa, na sasa Sara kaolewa Kondoa, lakini nyuma yake kulikuwa na namba ya mali ya shirika, imeandikwa kwa rangi nyeupe kama ile ya kwenye meza na viti.

Ila gitaa lenyewe, bwana, lilikuwa limeshabadilika lote. Shingo ya kwanza ilipindwa na jua siku walipoisafirisha juu ya turubai kwenda kupiga Kolo. Octavian akachongesha nyingine ya mninga kwa seremala wa Chang'ombe, akakaa nayo na msasa kila jioni mpaka ikateleza kama shavu la mtoto. Funguo za kukazia nyuzi alizitoa kwenye gitaa bovu alilopewa Mvumi. Sumaku za kunasa sauti alisukiwa na Anthony kwa waya wa dinamo. Kilichobaki cha shirika kilikuwa kiwiliwili tu, ule ubao mwekundu wenye mapembe mawili, pamoja na namba yake.

Halafu zikaja siku za ruksa. Wenye fedha wakaleta malori yao, wakulima wakauza mazao kwa waliyemtaka, na malori ya shirika yakaanza kulala yadini bila matairi. Bendi ikaisha pamoja na mshahara. Karani akarudi kwao. Mlinzi akaenda Mererani kuchimba. Anthony alianza kukonda, akakonda mpaka mkanda wa gitaa ukawa unamshinda, akafa wakati wa kupura mtama. Kazi ikaisha, lakini besi ilibaki nyumbani kwa Octavian, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuidai. Akawa anapigapiga kwenye harusi, akiazima spika huku na kule. Ikawa ndicho kitu pekee kilichobaki ambacho mtu akimwona nacho anasema, yule ni Octavian wa besi. Matairi hakuna aliyemkumbuka kwayo.

Siku tangazo la mnada wa mali za shirika lilipobandikwa getini, Wilbert alimkuta Octavian uani, sufuria iko jikoni inatokota. Wilbert naye alikuwa mpiga besi, mdogo kwa umri, anapiga hotelini kule mjini, na siku hizi alikuwa anajifunza kinanda vilevile. Alikuwa na mdomo ambao haujawahi kufunikwa.

"Shikamoo kaka Okta."

"Marahaba. Umebeba nini humo?"

Wilbert akatoa kwenye mfuko kitu kama kisanduku cha chuma chenye kitufe. "Korasi. Kuna mgeni kaniachia. Unachomeka hapa, unakanyaga hapa, besi inakuwa kama inapigwa ndani ya pipa."

"Nikitaka sauti ya pipa nitapiga pipa."

"Kaka, dunia imekwenda."

"Iende. Besi haitaki marashi. Anthony aliwahi kunitengenezea kikanyagio cha namna hiyo, kwa redio mbovu na kopo la dawa ya viatu. Nikakanyaga mara moja, ikakamata taarifa ya habari."

Wilbert akacheka mpaka akajishika mbavu. Halafu akaiangalia besi iliyolala mkekani bila nyuzi. "Wametangaza kila mwenye mali ya shirika airudishe kabla ya Jumamosi."

"Nimesoma."

"Usiwe na wasiwasi. Nenda mnadani, kaa kimya. Mimi nipo."

"Upo kufanya nini?"

"Nipo tu."

Mwaka uliopita Wilbert alimwahidi nafasi hotelini, akamfanya anunue na suruali, halafu nafasi ikapewa shemeji wa meneja. Tangu hapo aliogopa kumpa Octavian ahadi ya jambo ambalo halijaiva. Na Octavian naye, akijua mdomo wa Wilbert, hakumwambia alichokuwa anakipanga.

Alichopanga kilikuwa hivi. Besi nzima ikifika mnadani, wataigombania watu wenye fedha, na yeye hatafua dafu. Lakini nani atataka kiwiliwili? Alhamisi mchana akachukua bisibisi. Akafungua shingo, akafungua funguo, akazing'oa sumaku za Anthony na nyaya zake, kila kimoja akakifunga kwenye kanga kuukuu. Haikuwa kazi ya furaha. Paskazia alisimama mlangoni anamtazama.

"Sasa huo ndio nini, Baba Sara?"

"Narudisha cha kwao. Vyangu nabaki navyo. Jumamosi nakinunua hicho kibao kwa bei ya kuni, narudi, naunga."

"Na wakikuuliza?"

"Namba yao si hii hapa? Sijaifuta."

Alipoupeleka getini, mlinzi aliyekuwapo aliugeuza ubao, akaiona namba, akaupokea. Shingo hakuiulizia. Kwake yeye lile lilikuwa gitaa.

Jumamosi upepo ulikuwa ule wa Agosti, unaopeleka vumbi la Kizota mpaka kwenye meno. Vitu vilipangwa chini: meza, mizani, matairi, halafu vyombo. Dramu zilikuwa zimepasuka ngozi. Amplifaya ya besi, kubwa kama kabati la vyombo, ilikuwa nzima. Octavian alisimama nyuma ya watu, mikono mfukoni.

Ndipo akamwona Wilbert anaingia getini na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, na nyuma yao wanaume wawili wa makamo wamevaa makoti.

"Mbukwenyi," mama aliwasalimu watu wote, akaitikiwa.

Wilbert akaangaza macho, akamwona Octavian, akaja mbio anatabasamu. "Kaka, nilikuwa sitaki kukwambia mapema. Huyu ni mama Zipora, kiongozi wa kwaya kule Hombolo. Wamechanga mavuno mawili ya zabibu wanunue besi na amplifaya. Nimewaambia liko gitaa zuri na mpigaji wake yupo. Wamekubali. Gitaa litakaa kwako, utawafundisha vijana, utapiga kila Jumapili. Wamekutafutia na chumba cha kulala ukichelewa kurudi."

Octavian aligeuza macho kwenye vyombo.

Mama Zipora alikuwa ameshafika kwenye vyombo. Akainama, akaunyanyua ule ubao mwekundu kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto akakuta hana miguu.

"Wilbert," aliita, "hiki ndicho?"

Wilbert akageuka. Tabasamu lake likaondoka kidogokidogo. "Shingo iko wapi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kaka Okta, shingo iko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Kwenye kanga. Vyote viko. Nilitaka bei ishuke."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo Wilbert alipomvuta mkono, wakaenda wote wawili kwa mama Zipora, na Octavian akaeleza. Alieleza vibaya, anaanza na mwisho, anarudi nyuma, anasema shingo ni yangu mama, ya mninga, nimeichongesha mwenyewe, nikiiunga leo hii mchana itapiga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali. Bora angekuwa mkali.

"Pole, baba," alisema. "Naamini ni yako. Lakini hii fedha ni ya watu. Wazee wataniuliza, hilo gitaa mlilipataje rahisi hivyo? Niwaambie lilikatwa shingo kwanza ili serikali isijue thamani yake, halafu ndiyo tukaliingiza kanisani?"

"Si kukatwa, mama. Limefunguliwa."

"Limefunguliwa," alikubali. Akaurudisha ubao chini polepole, akapangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake. "Sitaweza kulisema mbele yao likaeleweka."

Akawageukia wale wanaume wawili. Mmoja akamnong'oneza kwamba kuna duka Uhindini lina kinanda kipya, kina ngoma ndani yake, kina besi ndani yake, kina kila kitu. Wakaaga.

Amplifaya ilinunuliwa na mwenye kibanda cha video. Dramu zilichukuliwa na mtu aliyetaka vyuma vyake. Dalali aliponyanyua kiwiliwili na kuuliza nani, mkono ulikuwa mmoja tu.

"Mzee, unaenda kukatia nyama?" mtu akauliza, watu wakacheka.

Octavian akakilipia. Mpango wake ulikuwa umefanikiwa kabisa, sawasawa na alivyoupanga.

Jioni hiyohiyo akaunga besi. Akafunga shingo, funguo, sumaku, akazifunga nyuzi alizozichemsha. Halafu akakaa nayo pajani. Besi ya umeme bila amplifaya ni kama mtu anayesema ndani ya maji. Unaona vidole vinakwenda, sauti huisikii. Zamani alikuwa anategemea ile ya shirika iliyokuwako yadini, na za kuazima. Ile ya shirika sasa ilikuwa inanguruma kwenye kibanda cha video Majengo, inatoa milio ya risasi. Na wenye za kuazima nao walikuwa wanapungua, kwa sababu harusi siku hizi zinataka kaseti.

Siku ya sikukuu ya mavuno, kwaya ya Hombolo ilikuja kuimba mjini. Octavian alikwenda, akakaa mwishoni kabisa. Kinanda kilikuwa mbele, kimefunikwa kitambaa kilichodariziwa, na aliyekaa nyuma yake alikuwa Wilbert. Walimhitaji mtu wa kukipiga, na yeye alikuwa anajua kidogo. Mkono wa kulia ulipiga nyimbo. Mkono wa kushoto ulipiga besi. Octavian alisikiliza ule wa kushoto tu. Haukukosea hata mara moja. Hata pale waimbaji walipovuta pumzi na kuchelewa, besi haikuwangoja, iliendelea na safari zake.

Baada ya ibada Wilbert alimfuata nje, anapangusa jasho. "Kaka, nisamehe."

"Kwa lipi? Umepiga vizuri."

"Nilisema nao tena juu yako. Walisema chombo kimetosha."

"Kimetosha," Octavian alisema. "Ila mwambie mama Zipora ule mkono wa kushoto ufundishwe kungoja."

Wilbert alicheka kidogo, halafu akaona mwenzake hacheki.

Nyumbani Octavian alikuwa na kabati la nguo la mbao, la arusi yao. Alipokuwa anajifunza, kabla hajaruhusiwa kuigusa amplifaya ya shirika, aligundua kwamba ukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati na kukaza, kabati zima linaitika. Anthony alikuwa anakuja na gitaa lake, wanakaa kitandani, solo inauliza, kabati linajibu. Hapo ndipo walipotunga ule wimbo wao wa mwanamke aliyeachwa na treni Kintinku, ambao watu wa Kizota waliudai kila Jumamosi.

Jioni ile alichukua besi, akaegemeza kichwa chake kwenye mlango wa kabati, akaanza ule wimbo. Sauti ilitoka, lakini ilikuwa nzito, imezibwa. Akapiga mstari wake, akafika pale solo inapouliza, akanyamaza kumpisha Anthony. Akasubiri kipimo chake chote kiishe. Akajibu.

Paskazia alikuwa mlangoni, ana unga mikononi. Alisikiliza mpaka pale pa kunyamaza palipofika tena. Kisha akaenda kunawa, akarudi, akasema, "Sogea."

Octavian akaondoa gitaa. Paskazia akafungua kabati, akatoa vitenge vyake, mashuka, koti la Octavian la jukwaani, na sanduku la nguo za Sara za utotoni ambazo hakutaka kuzigawa. Akavirundika vyote kitandani. Kabati likabaki tupu. Akafunga mlango, akaupiga kwa kiganja kuusikiliza.

"Haya," akasema. "Anza tena pale mwanzo."