Ubao Mweupe wa Ushirika wa Wafugaji

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ushirika mmoja wa wafugaji karibu na Nyeri, mkubwa wetu hakunionyesha ng'ombe. Alinipa daftari. "Kijana, kazi ni hii. Ukipandisha bila kuandika, unabahatisha." Kupandisha ng'ombe kwetu kulikuwa kwa mrija: mkono mmoja ndani ya ng'ombe ukishika shingo ya kizazi, mwingine ukisukuma mrija wenye mbegu ya fahali. Kisha unaandika mwenye ng'ombe ni nani, siku gani, fahali yupi.

Nilihamishwa Timau, halafu Nanyuki. Huko, miaka ya tisini, akaja meneja mpya na ubao wake mweupe. Madaftari yakafungiwa stoo, ati ni mambo ya kizamani. Sitausingizia ubao. Ukisimama mlangoni asubuhi uliona mara moja nani anaenda wapi, na hatukugombania daftari tena. Lakini kitu kinachofutwa kwa kitambaa ni rekodi gani jamani?

Cucu Wangari, nyanya mjane mwenye ng'ombe mmoja tu, alinijia ofisini. "Daktari, ng'ombe yangu inalialia tena, iko joto. Lakini nilikuwa kwa msichana wangu Kianyaga miezi miwili, jirani ndiye alikuwa anachunga. Sijui kama ilipandishwa. Si iko kwa maandishi yenu?"

Wapo ng'ombe wanaoonyesha joto, yaani dalili za kutaka fahali, wakiwa na mimba, na mrija ukiingia kwenye mimba unaitoa. Nikaenda kutazama ubao. Mtupu! Meneja alikuwa ameufuta wote ili awachoree wageni mishale ya malengo, nyekundu na kijani.

"Bwana meneja, ng'ombe wa huyu mama alipandishwa?"

"Kama haiko kwa bodi, haikufanyika. Enda upandishe, wengine wanangoja."

Nilipaswa kumpima ng'ombe kwanza, polepole, kwa mkono. Foleni ilikuwa ndefu na meneja alikuwa akitazama saa. Nikapandisha.

Siku ya tatu Cucu aliniita zizini. Kwenye majani palikuwa na kamimba kadogo kama panya. Mwenzangu mmoja alikumbuka baadaye kwamba yeye ndiye aliyempandisha, na kwamba alikuwa ameandika ubaoni. Nikamwendea meneja kwa hasira. Meneja alisema tu, "Hayo hutokea," akaendelea kuchora.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiambia ofisi haiwezi kwenda bila ubao. Sawa, andikeni ratiba ya leo. Lakini kinachohusu tumbo la kiumbe kiandikeni mahali ambapo mkubwa hawezi kukifuta akipata wageni. Hilo nitalisema mpaka nife.

Cucu naye nilimweleza yote pale zizini: ubao, kitambaa, mishale. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ubao ilifutwa, nimesikia," akasema. "Na mkono ulikuwa wa nani?"

Joto lilipomrudia yule ng'ombe, Cucu alimwita mpandishaji wa Timau.