Glavu ya Mkono wa Kulia

Baba yangu alikuwa fundi wa pampu za visima, na maisha yake yote alifuata kanuni moja: pampu ikinyamaza, vua glavu uiwekee kiganja. Alidai kwamba ukigusa bomba utajua kama maji yamepungua, kama beringi imekwisha, au kama ni stima tu imepotea kwenye nyaya. Mashamba ya Njoro, Rongai na Subukia yalimjua kwa kiganja hicho. Nilikua nikimwona akishika bomba huku amefumba macho, mpaka mama, Mungu amrehemu, akamtania kwamba yeye hajawahi kushikwa kwa upole namna hiyo.

Kanuni hiyo alimfundisha kaka yangu, si mimi. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mami, na mami haingizi mikono kwenye grisi. Kaka alipewa jina la babu, akaitwa mzee tangu akiwa kwenye nepi. Jambo hilo liliniudhi na bado linaniudhi. Nilipomaliza shule nilifungua duka la spea za pampu mjini Nakuru, na leo nikitazama sili ya kuzuia maji tu nakutajia saizi yake, lakini ukinipeleka kisimani mimi ni mgeni.

Kaka alianza kazi na baba, kisha akaenda kwenye visima vya mvuke kule Naivasha. Huko alikutana na pampu kubwa zinazosukuma matope mazito chini ya ardhi, ili uzito wake uzuie ile nguvu inayotaka kupanda. Akaipenda kazi hiyo kama mtu anavyopenda mke. Baada ya miaka michache akapata kandarasi nje ya nchi, kwenye jukwaa la mafuta baharini, mwezi mmoja huko na mwezi mmoja nyumbani.

Likizo yake ya mwisho tulikuwa sebuleni kwetu, mtaa wa Section 58, chai mezani, naye akatuonyesha video kwenye simu. Pampu zilikuwa peke yake kwenye sakafu ya chuma, zimezungukwa na mstari mwekundu. Watu walikuwa mbali, ndani ya chumba chenye skrini. Alitueleza kwamba zamani mafundi walisimama kando ya bomba lenye presha ya kumkata mtu, na wengi waliumia. Sasa sensa, vifaa vya kuhisi presha, ndizo zinazopima, na presha ikizidi pampu inajizima yenyewe. Hakuna anayevuka mstari mpaka presha itolewe bombani na taa iwe ya kijani. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni habari za huo mstari, na alijivunia sana.

"Baba, siku hizi hakuna mtu anagusa pampu," alisema. "Sensa ndiyo inagusa."

"Na sensa ikidanganya?" baba akauliza.

Kaka alinitazama mimi, si baba. "Basi nitavua glavu," akasema.

Tulicheka sote watatu, na nafikiri mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Barua ya kampuni ilifika kabla ya mwili wa kaka. Ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza kigumu, na kwa kuwa Kiingereza cha baba kiliishia kwenye majina ya spea, mimi ndiye niliyemsomea, sentensi moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili. Nilimwambia kwamba presha ilipanda ghafla, na pampu ikajizima kama ilivyotengenezwa kufanya. Kwamba presha ilibaki imefungiwa ndani ya bomba, kiungio kikaachia, na kaka, mzee wake, alikuwa karibu. Kwamba hakuna mwingine aliyeumia, na kisima kilibaki salama. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, kama anayepokea maelekezo ya njia.

Sentensi moja niliiruka. Ilisema kwamba marehemu alivuka mstari taa ikiwa bado nyekundu, akavua glavu ya mkono wa kulia, akaweka kiganja juu ya bomba.

Kisima cha maji pampu yake ikinyamaza, hata mtoto anaweza kuikalia. Pampu ya kule ikinyamaza ndipo inatisha. Kaka aliyajua hayo kuliko mtu yeyote niliyemjua, na aliyafundisha, lakini siku pampu iliponyamaza mbele yake mkono wake ulifuata mafunzo ya kwanza. Nilimchukia baba siku tatu nzima. Nilimpikia, nikampigia pasi suti ya mazishi, na muda wote huo nilikuwa namchukia. Siku ya nne nilimkuta amekaa kitandani akijaribu kufunga kamba za viatu, vidole vimekataa, na chuki ikaniisha. Nikapiga magoti nikamfungia. Niliapa moyoni kwamba hatasikia ile sentensi kutoka kwangu mpaka nife.

Tulimzika kaka Subukia, kwenye shamba letu. Wiki kadhaa baadaye likaja sanduku la vitu vyake: buti, helmeti, saa, redio ndogo na glavu moja. Barua niliikumbuka, nikaificha; kuhusu glavu sikufikiri. Baba aliitoa, akaigeuza. Ilikuwa ya kulia, kavu, haina hata doa.

"Ya kushoto iko wapi?"

Nilimwambia sijui, pengine imepotea njiani.

"Haijapotea," alisema. "Ya kushoto alikuwa ameivaa."

Akaikunja ile glavu mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Mami, mimi ndiye nilimfundisha kuvua."

Nilikaa karibu naye tukalia, yeye bila sauti, mimi kwa sauti ya kutosha watu wawili.

Baada ya hapo hakushika kazi kwa miezi mingi. Kisha mama mmoja wa Rongai akapiga simu dukani: pampu yake imenyamaza, ng'ombe hawana maji, na anamtaka baba mwenyewe. Baba alikubali kwa sharti kwamba twende wote. Tulipofika alisimama hatua kadhaa kutoka kisimani, mikono mfukoni, na hakusogea tena.

Akaniambia nivae glavu za kazi, nizime swichi kuu, nifungue valvu ya kutolea maji, ningoje. Geji ya presha ikashuka hadi sufuri. Akaniambia ningoje tena. Yule mama alitutazama kama watu waliopotea, maana ni kisima cha maji tu, na nikaona aibu kidogo, lakini nilingoja mpaka baba aliporidhika.

"Sasa vua glavu, uweke mkono," alisema. "Mimi siwezi."

Nikaivua ya kulia, nikaweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa baridi. Maisha yangu yote nilikuwa nimelitaka jambo hilo.

"Unasikia nini?" akauliza.

Nilifumba macho kama alivyokuwa akifanya yeye. Tangu ile barua nilikuwa nimemficha mengi, lakini hapo, mahali ambapo kaka angetaja beringi au maji, nilimwambia ukweli.

"Sisikii kitu, baba."