Kitunguu cha Bibi Harusi

Juzi kitunguu kilichipua kikapuni jikoni kwangu, nikakumbuka alasiri ya harusi ya dada yangu, nilipokuwa mtoto kwetu Amu.

Shangazi, aliyefanya kazi hotelini Manda, alipewa na mgeni tunguu la haisinti, ua la Ulaya lenye harufu nzuri. Tulilihifadhi kwenye friji majuma mengi, kando ya samaki, maana halichanui bila baridi, kisha tukaliweka dirishani juu ya gilasi ya maji. Mimi nilijua ni kitunguu tu.

Alasiri ile lilifunua maua ya zambarau, na nyumba nzima ikakimbilia dirishani. Nyanya akaanza kuyachuma na kuyatunga pamoja na asumini, kutengeneza kikuba cha kubandika kifuani mwa bibi harusi. Nilimshika mkono nikilia.

"Nyanya, dada atanuka kitunguu. Bwana harusi atakimbia."

Akanisogezea kikuba puani. "Nusa kwanza, mwanangu."

Harufu ilikuwa tamu na nzito, ikanijaa hadi kooni. Nikatoka mbio uchochoroni, nikiwatangazia wanawake waliokuwa wakija na vigelegele kwamba dada yangu ananukia kitunguu.

Siku hizi najua haisinti si kitunguu. Lakini juzi, kabla ya kukimenya kile changu, nilikinusa kwanza.